Tikiti Lisiloogopa Jua

Jumatatu, 3 Machi 2025
Hapa kijijini Didia jua ni kali tangu asubuhi. Kufika saa nne matikiti ya jirani yangu Thobias yalikuwa yamenyauka. Yangu yamekaza, kijani kibichi. Sababu ni moja: akili. Msimu uliopita nilichukua chavua ya tikiti pori, lile linalotambaa njia ya lamboni bila kunyweshwa na mtu, nikaipaka kwenye ua la tikiti letu la kawaida. Mbegu zilizopatikana ndizo hizi. Nimeziita Masalu Jua Kali, kwa jina langu. Thobias kauliza kama matunda yatalika. Wivu.

Jumatano, 5 Machi
Mke wangu Limi kanikumbusha kwamba eneo hili lilikuwa la viazi vyake, na kiangazi hiki hatutakuwa na michembe, vile vipande vya viazi vilivyokaushwa. Nikamwambia nyumba hii itajaa sifa. Akasema sifa hazichemshwi. Tumepatana: matikiti yakishindwa, eneo linarudi kwake. Nimekubali haraka. Hayawezi kushindwa.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemwalika Anisia, afisa ugani wa kata, aje kesho kuonja. Thobias pia, ili aumie. Limi kashauri nionje kwanza mwenyewe. Nimekataa. Tunda la heshima hukatwa mbele ya watu. Nimepiga shati pasi.

Jumamosi, 8 Machi
Majirani walijaa, hata wasioalikwa. Nilihutubia kidogo (Limi anadai sana). Nikakata. Anisia alitafuna, akageukia ukuta. Thobias alimaliza kipande chake chote.

"Baba Ritha," akaniambia, "Kwaresima nimefunga tangu utotoni. Toba yenyewe nimeipata leo."

Watu walicheka hadi wakakaa chini. Nikaonja. Mwarobaini una nafuu. Nilimeza, nikatabasamu. Machozi yalinitoka, nikasema ni jua.

Baadaye Anisia aliniita pembeni. Kasema mimea imemshangaza, hajaona tikiti likistahimili joto namna ile. Ila uchungu wa pori umetawala. Niyachanganye tena na tikiti tamu, msimu baada ya msimu, nikichagua yasiyo machungu. Thobias, aliyekuwa anasikiliza, kasema maua nichukue kwake, bure.

Jumatatu, 10 Machi
Limi kaanza kupiga matuta ya viazi. Anaimba.

Mimi nakumbuka neno moja tu: imemshangaza. Afisa wa serikali!

Maua ya Thobias siyataki. Kesho atadai mbegu ni yake nusu. Na misimu yote hiyo ya nini, kama kinachokosekana ni utamu tu? Muwa ni mtamu kuliko tikiti lolote. Nimeendesha baiskeli hadi Tinde, nikarudi na muwa uliotoa maua. Chavua yake naipaka kesho alfajiri.

Limi kauliza kama nimewahi kuona muwa ukizaa na tikiti. Nimemjibu kwamba hakuna aliyewahi kujaribu. Kaniachia tuta moja lenye matikiti, lile la nyuma ya choo.

Linatosha. Jumapili nitatangaza kanisani.