Mwisho wa Kukaa Mjini Addis

Idara ya Uchangamfu wa Wazee, ambayo mimi ndiye msemaji wake, inatangaza kwa fahari kwamba mabenchi yote ya barabarani mjini Addis Ababa yameng'olewa. Uzee umepata dawa.

Sera yenyewe inaitwa Mzee Wima. Aliibuni Mkurugenzi wetu, Ato Wondafrash, baada ya kwenda ng'ambo na kukaa wiki nzima kwenye kiti cha sponji akisikiliza wataalamu wakieleza kwamba kukaa kunaua. Alirudi amenenepa, akiwa na huruma nyingi kwa wazee.

Walalamishi hawakosekani. Bibi Yeshimebet, mjane wa mtaa wa bondeni, alikuja kwenye dirisha langu la malalamiko akihema. Zahanati yake iko juu mlimani, na benchi lilikuwa katikati ya njia.

"Mwanangu, dawa yangu ya presha imekwisha. Kila nikipanda, magoti yananigomea palepale lilipokuwa benchi. Narudi mikono mitupu."

"Bibi, hapo ndipo uchangamfu unapoanza," nilimweleza kitaalamu.

"Mimi hapo ndipo ninapoishia." Akanitazama. "Mama yako yu hai?"

"Yu hai, bibi. Anakaa kwangu."

"Anakaa kwenye nini?"

Swali hilo lilikuwa nje ya mamlaka ya dirisha langu. Nikafunga dirisha.

Alhamisi tulikutana kupongezana. Matokeo yalitia moyo: hakuna mzee aliyeonekana amekaa barabarani. Kusema kweli, hakuna mzee aliyeonekana barabarani kabisa. Mara mlango ukafunguka, akaingia Bibi Yeshimebet na fimbo yake.

Tukasimama wote. "Nor," tukasema kwa pamoja. Kwetu mzee akiingia unasimama, na hukai mpaka mwenyewe ajibu "begzer", yaani kaeni, kwa ajili ya Mungu. Ukikaa kabla, utasemwa wewe na ukoo wako mzima. Wazee wenyewe hulitamka neno hilo upesi, kwa kuona haya kusumbua watu.

Bibi hakulitamka. Mkurugenzi alimpisha kiti chake chenye mito, kama adabu inavyotaka. Akaketi, akafungua fundo la mtandio wake, akaanza kutafuna shayiri ya kukaanga.

"Bibi," Mkurugenzi akasema, akihama kutoka mguu wenye jongo kwenda mguu wenye jongo zaidi, "hujatujibu."

"Niwajibu nini, wanangu? Mmechangamka vizuri."

Mhasibu akaegemea ukuta. Bibi akamtazama, naye mhasibu akajiweka sawa. Hata mimi, mtetezi wa kusimama, nilianza kuhisi kiuno kina maoni tofauti na sera.

"Nakuomba, bibi. Mguu unawaka moto."

"Pole, baba. Nenda zahanati, iko pale juu mlimani."

Mkurugenzi alitoa simu jasho likimtoka, akaamuru benchi la mlimani lirudishwe mara moja. Akamgeukia bibi akitabasamu. "Tayari."

"Fundi alifunge kwanza. Halafu alikalie, anipigie mimi."

Fundi, tukaambiwa, amekwenda kula.

Bibi akasema hana haraka, ila angefurahi kupata kahawa. Katibu akaenda kuwasha jiko akichechemea. Na kahawa kwetu, kama mjuavyo, hunywewa duru tatu, wala haikimbizwi.