Malalamiko Kuhusu Ufupi wa Safari ya Ndege kutoka Mafia hadi Dar es Salaam

Kidawa binti Pazi,
wa Miburani, Mafia
(kwa sasa nipo Mbagala, kwa dada yangu)

Ndugu Meneja wa Shirika la Ndege,

Baada ya salamu, natumai hujambo, na ndege zako nazo hazijambo. Mimi ni mjane, mshonaji wa nguo, na si mtu wa kulalamika. Lakini safari yenu ya Mafia hadi Dar es Salaam ni fupi mno, na imeniharibia jambo langu.

Jumatatu, pale Kilindoni, mfanyakazi wenu alitupima uzito mmoja mmoja, kisha akatupanga ili ndege isilalie upande. Mimi nikakalishwa kando ya Bwana Shamte wa Bwejuu, fundi wa injini za boti. Huyu bwana kila akija Miburani huniletea suruali nishone pindo, hata ambayo haijafumuka, na huondoka bila kusema zaidi ya ahsante. Basi waliotuweka bega kwa bega ni ninyi, si mimi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Bwana Shamte ni mzito wa kuanza. Tulipopaa alijikohoza. Tulipofika juu ya delta ya Rufiji akasema, "Bi Kidawa, leo mawingu yapo." Nikamjibu, "Yapo." Mtu wa namna hii nusu saa haimtoshi. Kwa boti hadi Nyamisati, kisha basi hadi mjini, angekuwa ameshaposa, nikakataa kidogo, akanibembeleza, nikakubali.

2. Injini yenu ina kelele. Alipofungua kinywa tena, sikujua kama amesema "nimependa" au "nimepanda". Tofauti ni herufi moja, lakini kwa mjane ni kubwa. Nilipomwomba arudie, masikio yakaziba, maana rubani alishaanza kushuka.

3. Mlitua.

Kwa hiyo naomba rubani awe anazunguka delta japo mara mbili. Asipoweza, apitie Kilwa. Na kabla ya kutua ageuke nyuma, aulize kama yupo abiria mwenye neno lililomkwama kooni. Yote hayo yakishindikana, naomba uwanja wa Dar es Salaam usogezwe hadi Morogoro.

Nisalimie wote hapo ofisini, hasa yule binti wa mizani. Mwambie tangu Jumatatu nimepungua. Rubani pia msalimie, hana kosa ila haraka.

Wako katika masikitiko,
Kidawa binti Pazi

N.B. Nilikuwa nafunga bahasha Bwana Shamte alipobisha hodi hapa kwa dada. Kumbe ameshampigia simu kaka yangu Muhidini, naye amesema hana neno, niulizwe mwenyewe. Nimeulizwa, na nimekubali kabla hajamaliza sentensi. Nikaha ni Ijumaa, na Alhamisi tunarudi wote Mafia kwa ndege yenu. Tafadhali puuza yote yaliyo juu. Rubani asizunguke popote, na kama kuna njia ya mkato huko angani aipite, maana hiyo nusu saa naiona ndefu mno.