Kiazi Kwapani

Jumatatu, 2 Juni 2025
Mitundu imepata bahati. Bahati hiyo ni mimi. Watu wa utafiti wa homa wameniingiza. Nesi Rahel kasema nimechaguliwa kwa nasibu. Nasaba! Nilijua tu. Ukoo wetu unajulikana hadi Itigi. Jirani yangu Antipasi naye kachaguliwa. Hapo sielewi. Ukoo wake haujulikani hata hapa.
Rahel kanitoa damu, kauliza naishi na nani. Peke yangu, tangu mama Eliya afariki. Kakaa mpaka chai ikaisha. Atarudi baada ya miezi mitatu. Ila mwenye homa apige simu, anakuja siku hiyo hiyo.
Siku hiyo hiyo!

Jumatano, 4 Juni
Nimepiga. Sauti nimeilegeza vizuri. Rahel kaja na pikipiki, kapima, mzima. Kaondoka kiti hakijapata joto. Birika zima la chai nimelimaliza mwenyewe. Antipasi kachungulia uani, kauliza mgeni wangu kayeyuka? Nikamwambia wenye nasaba hatusumbuliwi na wageni wa kukaa sana. Kacheka. Mwache.

Ijumaa, 6 Juni
Akili ninayo. Darasa la tatu halikwenda bure. Nimepiga tena, nikachoma kiazi. Pikipiki ilipolia nikakibana kwapani, ndani ya shati. Uwii! Rahel kaniamkia shikamoo. Marahaba yangu ikatoka kama mbuzi kakanyagwa. Themomita kaichomeka hapo hapo penye kiazi. Arobaini na tatu! Kapiga yowe, kakimbilia begi lake. Kiazi nikakisukumia chini ya kitanda. Akapima tena, mzima. Kachanganyikiwa, kakaa kuniangalia mpaka jua linazama. Tumeongea habari za kwao Kintinku. Kwapa limebabuka. Si neno.

Jumatatu, 9 Juni
Kaja mkubwa wao, binti aitwaye Damari. Ni mtakwimu. Hashiki sindano. Anahesabu homa za watu kwenye kompyuta, anajua kinga ya mwili inashika wapi na wapi imelegea.
Kaniambia, "Babu, mwenye joto lile angekuwa marehemu."
Nikamwambia huyo atakuwa si Mnyaturu.
Kanionyesha kioo cha kompyuta. Nukta nyingi zimebanana chini, kila moja kipimo cha mtu. Moja iko juu kabisa. Yangu! Antipasi yuko kule chini na kundi. Damari kakataa kusema wapi, siri ya utafiti, lakini najua. Nikauliza kama karibu na yangu hakuna nyingine. Kasema hakuna babu, iko peke yake. Nikaitazama sana ile nukta. Sijui kwa nini.
Halafu kaniambia lile joto analifuta, na nikidanganya tena wananitoa kwenye utafiti. Rahel asije tena! Kasema nasibu ni kama kuokota karata, ukoo haumo. Elimu yake bado changa. Ila hili nimelishika: wazima nao wanahesabiwa sawa na wagonjwa. Niseme ukweli tu.

Jumanne, 10 Juni
Nimeacha uongo kabisa. Asubuhi nimempigia Rahel kumwarifu sina homa. Kashukuru. Mchana nimepiga, bado sina. Saa kumi nimepiga kumwambia uzima huu umezidi, si wa kawaida, aje na themomita auone mwenyewe. Hajapokea. Atakuwa njiani. Chai nimeshainjika.