Haji Ui, Babu Yetu Sote

Jumatatu, 4 Machi

Nimekasirika. Nimefurahi pia. Sijui nianze na lipi.

Jana Shangazi aliita ukoo mzima kumwona mtoto wa mpwa wangu. Mtoto ana siku tisa na bado hana jina. Kila mtu alikuja na lake, watu wakapandishiana sauti, mtoto akalia, Shangazi akagonga meza. Akasema mtoto atapewa jina la baba yake Babu. Hakuna anayelijua. Babu alikuja mji huu kijana, peke yake, na kila alipoulizwa baba yake ni nani alicheka tu. Shangazi ni bintiye na hata yeye hakuambiwa.

Basi akatoa hukumu. Jumapili ijayo, atakayeleta jina hilo, likiwa limeandikwa mahali, ndiye atakayempa mtoto. Na atakaa kwenye kiti chenye mikono cha marehemu Baba Mkubwa, siku hiyo na siku zote.

Kiti chenye mikono! Nina miaka hamsini na mitatu. Tangu nipate akili nakaa kwenye benchi la mlangoni, pale ambapo ukikaa unatumwa maji. Jana nimetumwa mara sita.

Binamu yangu Mkuukuu akatabasamu. Alikuwa mwalimu mkuu, sasa amestaafu. Jina la Mkuukuu limetokana na mimi, kwa bahati mbaya. Mimi ni mchonga mihuri. Miaka tisa iliyopita nilimchongea muhuri wa ofisi: MWALIMU MKUU. Mkono ukarudia herufi tatu za mwisho bila kunitaarifu. Aligonga vyeti mia na kumi na viwili kabla mtu hajasoma MWALIMU MKUUKUU. Hajanisamehe. Nami sijamsamehe kwa kutonisamehe.

Kesho alfajiri, ofisi ya nyaraka. Nimtangulie.

Jumanne, 5 Machi

Ofisi ya nyaraka hufunguliwa saa tatu. Nilifika saa kumi na mbili. Nimeumwa na mbu.

Mtunza kumbukumbu ni mama mwenye miwani miwili, mmoja machoni, mwingine kichwani. Akataka barua ya utambulisho. Kutoka wapi, nikauliza. Kutoka ofisi yoyote, akasema. Nikatoka nje, nikaandika barua gotini, nikaigonga muhuri wa OFISI YA UKOO niliouchonga usiku wa jana kwa tahadhari. Akaipokea, akaitia kwenye faili. Muhuri ni kitu kizito!

Akaniletea daftari la hesabu ya watu la zamani, kubwa kama mlango wa kabati. Ukurasa wa kwanza haumo. Akaeleza kwamba mchwa waliushambulia, ukaokolewa, sasa unatunzwa peke yake kwenye boksi. Ndio wenye vichwa vya safu zote. Akauliza kama aulete. Nikamwambia asijisumbue. Mtu aliyesoma herufi kinyumenyume miaka thelathini hahitaji kuambiwa safu ipi ni ipi.

Feni inapeperusha kurasa. Nikaweka kofia yangu katikati ya daftari, ikatulia vizuri. Imefunika safu mbili tatu, si kitu.

Saa sita kasoro nikamwona Babu! Jina lake, herufi kwa herufi, pembeni kushoto. (Silitaji hapa. Daftari hili ninaloandika, mke wangu Mama Watoto hulisoma. Mpenzi, kama unasoma: hujambo, funga.) Miaka ishirini na sita. Na kwenye safu ya mwisho, mkabala naye, kwa wino mweusi: Haj ui.

Karani wa zamani alikuwa mvivu. "Haj" ni kifupi cha Haji, nani asiyejua? Haji Ui. Baba yake Babu!

Nimelia kidogo. Mtunza kumbukumbu akaniomba nilie mbali na karatasi.

Jumatano, 6 Machi

Mambo yamekuwa mengi.

Nimerudi kumtazama tena Haji Ui. Jirani wa Babu, mstari wa juu yake, naye ni mtoto wa Haji Ui. Na wa chini yake. Na wa chini ya huyo. Ukurasa mmoja, watoto thelathini na wanane. Mkubwa ana miaka sabini, mdogo ana minane. Mzee alikuwa na nguvu.

Wawili tu si wake. Mmoja ni karani, mwingine anaonekana ni karani pia, maana mwandiko wa jina lake una madaha. Hao wameandikiwa mwanamke: Ana Jua. Huyu Ana Jua ni nani? Kwa nini watoto wake wote ni makarani? Naona alikuwa mtu wa maringo.

Saa nne akaingia Mkuukuu, kavaa tai. Akaomba daftari la hesabu ya watu. Akaambiwa analo bwana yule. Nikamwinulia mkono. Mpango wangu ni huu: nifike kwanza kila siku, nilikalie hadi Jumapili. Halali kabisa, fomu nimejaza.

Mkuukuu akanong'ona na mtunza kumbukumbu, akaletewa lile boksi. Akakaa saa nzima ananakili ukurasa wa vichwa vya safu. Nilicheka hadi nikaonywa. Achukue vichwa, mimi ninacho kiwiliwili!

Nikaonywa tena, kuhusu kofia. Mtunza kumbukumbu akaniletea vifuko vya mchanga vya kubania kurasa. Alipogeuka nikairudisha kofia. Mkuukuu ana macho marefu.

Alhamisi, 7 Machi

Sikulala vizuri. Leo nimemwona Bibi kwenye daftari. Mkewe Babu, yuleyule wa mstari wa chini yake ambaye jana sikusoma jina. Naye kaandikiwa Haji Ui.

Babu alimwoa dada yake?

Nimechora ukoo ukutani kwenye karakana kwa chaki. Haji Ui juu, mishale thelathini na minane. Mshale wa Babu na mshale wa Bibi inatoka mahali pamoja na kukutana tena mahali pamoja, na hapo katikati ndipo tulipo sisi. Mteja aliyekuja kuchukua muhuri wa zahanati akauliza kama hiyo ni ramani ya mabomba. Nikasema ndiyo.

Nimekaa nikatafakari. Labda Haji Ui wako wawili. Labda Bibi alilelewa tu. Labda ndiyo sababu Babu alikuwa akicheka alipoulizwa! Maskini, kumbe kicheko kile kilikuwa cha aibu. Nimeamua Jumapili sitamtaja Bibi.

Nimemwambia Mama Watoto kwamba baba yake Babu ni Haji Ui. Akauliza hajui nini. Nikasema si hajui nini, ni Haji Ui. Akasema kama hajui si aulize. Nikamwambia alishakufa. Akasema masikini, amekufa bila kujua.

Nitampeleka akapimwe masikio.

Ijumaa, 8 Machi

Wazo! Jumapili sitakwenda na mdomo mtupu. Nitagawa kadi, kila mtu na yake, zimegongwa muhuri rasmi wa ukoo. Mbele ya muhuri, Mkuukuu atasema nini?

Ilibidi niondoke nyaraka saa sita ili niwahi kuchonga. Wakati naondoka Mkuukuu alikuwa amekaa karibu na mlango na penseli yake, mtulivu kama anasubiri zamu ya kinyozi. Daftari nikalirudisha. Alisome tu. Jina ninalo mimi, na safu ya mwisho ndiyo ya mwisho.

Raba iliyobaki ilikuwa fupi. UKOO WA HAJI UI haikuenea. Nikafanya kama karani wa zamani: nikaacha ile i ya Haji, nikasogeza herufi pamoja. Imeenea sawasawa! Nimeisoma kwenye raba, kutoka kulia kwenda kushoto, mara nne. Haina kosa. Nimegonga kadi thelathini.

Jumamosi, 9 Machi

Nimejifunza kukaa. Karakanani nina kiti cha wateja, hakina mikono, nikaweka ndoo huku na huku nikaegemeza viwiko. Mama Watoto akapita, akatazama, akachukua ndoo moja kwenda kufulia.

Jumapili, 10 Machi

Naandika nikiwa na hasira, mwandiko utanisamehe.

Ukoo wote ulikuja. Mpwa wangu na mtoto kwenye kochi, Shangazi kwenye meza, kiti chenye mikono kitupu kando yake. Mimi benchini, kwa muda.

Nikasimama wa kwanza. Nikagawa kadi. Nikatangaza kwamba sisi sote tuliomo humu, wakubwa kwa wadogo, ni watoto wa Haji Ui.

Walisoma kadi. Halafu mume wa mpwa wangu akatoa mlio puani. Halafu wakaangua kicheko wote! Mtu mmoja alitoka nje akajishika kwenye ukuta. Mama Watoto alijifunika uso. Nikatazama kadi. UKOO WA HAJUI. Nikawaeleza kwamba raba ilikuwa fupi. Wakazidi.

Mkuukuu akainuka na karatasi yake ya vichwa. Akasoma polepole, kama darasani. Jina. Jina la baba. Nyumba. Kazi. Umri. Safu ya mwisho: kusoma na kuandika, anajua au hajui. Akasema jina la baba yake Babu liko kwenye safu ya pili, mahali ambapo bwana fulani aliweka kofia wiki nzima. Akalitaja. Ni jina zuri, lazima nikubali. Mtoto akapewa hapohapo, akapiga chafya.

Mimi sikubali. Vichwa alivyosoma ni vya karatasi iliyokaa boksini peke yake miaka na miaka. Nani ajuaye kama ni vya daftari lile? Nilisema hivyo. Hakuna aliyenisikiliza.

Shangazi hakuwa amecheka. Hana miwani ya kusomea siku hizi, akauliza kadi inasema nini. Mkuukuu akamweleza kwamba mbele ya jina la Babu pameandikwa hajui, maana yake hakujua kusoma wala kuandika. Shangazi akamwambia arudie. Akarudia.

Shangazi akasema kwamba kila jioni Babu alikuwa akifungua gazeti, anawaweka watoto wake chini, anawasomea. Gazeti moja lilikuwa na habari ya kiboko aliyeajiriwa posta, kazi yake kulamba stempu. Shangazi alikwenda kuisimulia shule, mwalimu akamchapa kwa uongo. Akaapa kwamba ni kweli, baba yake ameisoma kwenye gazeti. Akachapwa tena. Miaka sabini amejiuliza gazeti lile lilikuwa la nani, maana hakuliona tena kokote.

Basi akacheka. Alicheka huku machozi yanamtoka, anasema baba jamani, baba jamani, kumbe yalikuwa yake yote. Mpwa wangu akalia. Hata Mkuukuu alivua miwani akaifuta. Sikuelewa wanalia nini. Huenda jina alilolileta Mkuukuu liliwakumbusha msiba.

Shangazi akaomba kadi yangu, akaitia ndani ya mkoba wake, akaufunga zipu. Kisha akapapasa kile kiti chenye mikono na kusema mwanangu njoo ukae hapa, uniambie tena ulivyokiona hicho kimstari. Nikamtazama Mkuukuu. Hakuinuka. Shangazi akaita mara ya pili. Mkuukuu kakaa tu, ananitazama mimi! Kiburi gani hicho, unaitwa na mkubwa, umeshinda, na bado unataka kubembelezwa?

Sikutaka kumwona akikaa. Shangazi alipoita mara ya tatu nilichukua jagi nikaenda kuchota maji. Hakuna hata aliyenituma.

Niliporudi kiti kilikuwa bado kitupu. Nikakaa benchini.

Jumanne, 12 Machi

Jana sikuandika. Nilikuwa nafuta mishale ukutani. Nilipofika kwa Haji Ui mkono ukagoma. Sikumfuta.

Mama Watoto anasema kule kwa Shangazi wameshaacha kumwita mtoto kwa jina alilolileta Mkuukuu. Wanamwita Hajui. Akilia, akinyamaza, Hajui. Anasema Shangazi ndiye aliyeanza, na kwamba ameulizia mara mbili ninakwenda lini. Najua anachotaka. Anataka nimwombe Mkuukuu radhi. Siendi.

Leo nimerudi nyaraka. Nimeomba daftari jingine, la miaka kumi baadaye. Hili halina ukurasa wa kwanza pia. Nikaweka kofia. Saa tano nikamwona kaka yake Babu. Basi, namwita kaka yake kwa sababu jina linafanana kidogo. Na mkabala naye, kwenye safu ya mwisho, kwa mkono wa karani yuleyule mvivu: Haja oa.

Haja! Si ndiyo Haji wa kike? Haja Oa!

Mkewe Haji Ui. Na si kwa huyo tu. Ukurasa mzima, vijana watupu, wote miaka ishirini, ishirini na mbili, wote wana wa Haja Oa. Hakuna hata binti mmoja. Mama wa wanaume! Sasa nimeanza kuelewa: Haji Ui alikuwa na wake wawili, yule Ana Jua wa makarani, na huyu. Shangazi atalia tena, safari hii kwa sababu ya maana. Kesho nachonga muhuri. Raba nitanunua ndefu.

Mtunza kumbukumbu alipita mezani, akatazama kofia, akatazama nilichokuwa naandika. Akavua miwani ya machoni, akavaa ya kichwani, akasoma tena. Akauliza kwa upole kama aniletee ukurasa wa vichwa.

Nikamwambia asijisumbue.