Nafasi Moja Kando ya Babu Vaka

Jumatatu, 11 Desemba

Moyo umechoka. Ndivyo alivyosema daktari, akimtazama binti yangu Sisilia badala ya kunitazama mimi, kana kwamba moyo wenyewe ni wake. Sawa. Nina miaka themanini na mitatu, nimefundisha historia maisha yangu yote, sina malalamiko. Nina haja moja tu.

Kwenye kilima cha makaburi yetu, kando ya Babu Vaka aliyetuzaa sote, imebaki nafasi moja. Hulazwa hapo mkuu wa ukoo. Na mkuu wa ukoo, kwa bahati mbaya, ni Lopeti.

Vaka aliacha watoto wawili. Wa kwanza Fifita, wa pili Sateki. Lopeti anatokana na Fifita, mimi natokana na Sateki. Kwa sababu hiyo tu, mtu asiyeweza kutaja tarehe ya vita hata moja anakaa mbele kwenye duara la kunywea kava, kinywaji chetu cha mizizi, nami nakaa karibu na mlango, mimi na upepo.

Kwa hiyo nimeitisha mkutano wa ukoo. Ndugu wa Auckland na Sydney nimewaambia ni kwa ajili ya upendo. Naungama hapa, kwa kuwa siwezi kuungama kwa mchungaji, maana mchungaji ni shemeji yake Lopeti: si upendo. Nitaifuatilia nasaba yetu mpaka nipate ufa upande wa Fifita, nami nitautangaza mbele ya wote Jumamosi ya tarehe 23.

Sisilia ameniuliza ninachekea nini. Nimemwambia ni dawa.

Jumatano, 13 Desemba

Siku ya aibu.

Nilimwomba Sisilia anifikishe kilimani nikapalilie. Akaniacha pale, akaenda dukani kununua sabuni. Nikajilaza kwenye ile nafasi. Kupima tu. Inanitosha vizuri, hata miguuni inabaki nafasi ya kujinyoosha. Pana upepo. Majirani ni watu wa heshima.

Tatizo likawa kuinuka. Magoti yaligoma. Nikalala nikitazama mawingu kwa muda ambao sitaki kuukadiria.

Katika watu wote wa kisiwa hiki, aliyenikuta ni Lopeti. Alikuwa na ndoo ya mchanga mweupe wa matumbawe. Akanisimamia kichwani, akasema, "Ee, ndugu yangu, umetangulia? Hata nyimbo hatujachagua."

Nikamjibu kwamba nachunguza mmomonyoko wa udongo. Akasema hapo chini pagumu, yeye mwenyewe alijilaza hapo juzijuzi na mgongo ukamsumbua wiki nzima. Kisha akaniinua kama gunia la magimbi. Ananizidi nguvu, na ni mdogo wangu kwa miaka miwili tu. Tukashuka mpaka barabarani, huku akinikung'uta mchanga makalioni na kumsalimu kila mpita njia.

Ule mchanga wa ndoo alikuja kuumwaga kwenye nafasi ile ile. Anaitandika mapema, kama kitanda.

Ijumaa, 15 Desemba

Fulana za mkutano zimefika kutoka Auckland. Kazi hiyo nilimpa mpwa wangu Ofa. Maagizo yalikuwa wazi: Babu Vaka hakuwahi kupigwa picha, basi itumike sura ya mzao anayefanana naye. Nikampelekea picha yangu ya ujana, nimesimama na Lopeti mbele ya kanisa. Nilidhani mtu mwenye macho hahitaji maelezo zaidi.

Maboksi sita ya fulana. Kifuani, sura ya Lopeti. Chini yake: UKOO WA VAKA.

Nimempigia simu. Akasema, "Lo, Mjomba, kumbe yule mwembamba wa pembeni ni wewe? Mimi nilikukata." Akaongeza kwamba yule mwingine ana uso wa babu hasa, uso wa kuzaa watu.

Sikuweza kumkemea. Ofa ni mtoto wa dada yangu, na kwetu mtoto wa dada yuko juu yako. Akija akabeba nguruwe wako, unamfungulia lango na kumshukuru.

Sisilia ameijaribu fulana mbele yangu. Anasema imemkaa vizuri. Nikamwomba ageuke nione mgongo.

Jumapili, 17 Desemba

Baada ya ibada nimekula kwa Lopeti. Naungama: nilikwenda kupeleleza. Naungama pia kwamba chakula kilikuwa kizuri. Nyama ya kopo ndani ya majani ya magimbi, na tui zito kama dhambi.

Alipokwisha kula, Lopeti akatoa ule mkeka wao wa kale, laini kama kitambaa, unaotolewa kwenye harusi na misiba tu. Hupenda kuuonyesha kila mgeni. Safari hii akasema, akiupapasa, "Huu alikuja nao Fifita mwenyewe, siku alipohamia kijiji hiki kutoka kwa baba yake."

Kijiko kikaniponyoka.

Alikuja nao! Mwanamume hahami kwa baba yake na mkeka wa namna ile. Mkeka ule hutoka nyumbani pamoja na bibi harusi. Fifita ni jina la wanaume na wanawake pia, nasi kwa vizazi vinne tumeishi tukiamini ni babu. Kumbe ni bibi. Aliolewa, akahamia kwa mumewe. Ukuu wa ukoo hupitia kwa watoto wa kiume, na mtoto wa kiume wa Vaka ni Sateki peke yake. Mrithi wa Sateki anakula nyama kwa Lopeti na amechafua shati.

Nikaomba niongezwe. Lopeti akafurahi, akamwambia mkewe, "Mwone Kelepi, amepata hamu ya kula." Maskini.

Jumatano, 20 Desemba

Mwanahistoria hategemei ushahidi mmoja. Nimekwenda kumwona shangazi yake Lopeti, kikongwe asiyeona wala kunyamaza. Nikamuuliza kwa mzunguko, Fifita alikuwa mtu wa namna gani. Akasema mfupi, mwenye hasira, alizaa watoto saba, wa mwisho akamzalia shambani kwenye viazi vikuu. Nikamuuliza kama ana hakika kwamba alizaa. Akacheka mpaka akapaliwa. "Mwalimu, kwenu huko kwa Sateki wanazaa wanaume?"

Sisilia alikuwa anasuka nilipomweleza. Mikono yake ikasimama. "Baba, hebu ngoja. Kama Fifita ni dada yake Sateki, basi Lopeti..." Nikamwambia asinikatize, napanga hotuba. Jioni akaanza tena, "Baba, kabla hujajiaibisha." Nikajifanya nimelala. Nikalala kweli.

Jumamosi, 23 Desemba

Usingizi umekataa kuja. Si ugonjwa.

Uwanja ulijaa. Kila nilipogeuka, Lopeti ananitazama kutoka kifuani mwa mtu. Nguruwe, samaki, mashelisheli, watoto wa Sydney wakilia joto. Duara la kava likakaa, Lopeti mbele. Nikasimama, Sisilia akinishika kiwiko kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Nilizungumza vizuri. Nilianza na safari za mababu, nikapita misheni, nikafika kwenye mkeka. Nikasema kwamba Fifita alikuwa mwanamke. Nikausubiri mshangao. Ukaja, ila ulielekea upande mwingine. Akina mama wa upande wa Lopeti wakaanza kupiga makofi.

Msemaji wa ukoo akaweka chini kikombe. Akanisifu kwa kazi kubwa. Akasema ni kweli, ukuu umerudi kwa uzao wa Sateki, na Kelepi akae mbele. Nikakaa mbele! Nadhani nilikaa kwa muda wa pumzi mbili. Kisha akasema: lakini sisi wa Sateki ni uzao wa kaka, na Lopeti ni uzao wa dada. Basi Lopeti ndiye fahu wetu, mzao wa dada asiyenyimwa kitu, na kazi ya kwanza ya mkuu mpya ni kumuuliza fahu anataka nini.

Haki ya dada na uzao wake. Nimeiishi tangu kuzaliwa. Niliwaza kiti tu.

Wakamtandikia mikeka juu ya mikeka, akakaa juu kuliko mimi. Nikamuuliza anataka nini. Akachukua nguruwe mkubwa kuliko wote. Wangu. Akachukua mkeka aliousuka Sisilia, na Sisilia akamkunjia kwa mikono yake. Halafu akatazama kilimani, na watu wote wakatazama naye.

"Pale juu pana nafasi moja," akasema. "Naichukua."

Nilihisi moyo ukitafuta mlango.

"Naichukua, halafu nampa ndugu yangu Kelepi. Yeye ameshaipima." Wakacheka mpaka wapishi wakaacha moto. Alipowanyamazisha, hakuwa anacheka. Alisema ni heri mwalimu alale karibu na Vaka, maana tangu Vaka afe hakuna aliyempenda kiasi hiki. Kisha akaniinamia: "Ila siku hiyo, ndugu yangu, kichwani pako nitakaa mimi, mahali pa fahu. Na mikeka nitaondoka nayo."

Ofa alilia. Machozi yakalowesha uso wa Lopeti kifuani pake.

Jumapili, 24 Desemba

Sisilia amenipikia uji, akakaa kitandani pangu. Akasema, "Baba, ulitaka ukuu, umepata. Ulitaka kaburi, umepata. Sasa pumzika."

Hanielewi. Nilitaka kulipata, sikutaka kupewa. Sasa nitalala mpaka siku ya ufufuo juu ya hisani ya Lopeti. Naye siku ya mazishi atakaa kichwani pangu, aseme lolote apendalo, nami nimenyamaza. Sijawahi kumnyamazia Lopeti.

Nimewaza tangu alfajiri. Dada yuko juu ya kaka. Vizuri, na iwe hivyo. Lakini Lopeti naye ana upande wa baba, na juu ya kila babu kuna babu mwingine. Mahali fulani huko lazima pawe na kaka mmoja wa kwao na dada mmoja wa kwetu.

Mchana amekuja kunijulia hali, ameniletea paja la nguruwe wangu. Tukala. Kwa kupitisha muda tu, nikamuuliza kama babu yake mzaa baba alikuwa na dada. Akafurahi kuulizwa. Alikuwa naye mmoja, akasema, aliolewa kisiwa cha Vava'u, wakapoteana.

Mama yangu alitoka Vava'u.

Nimemwambia Sisilia mkutano wa pili utakuwa Pasaka, na safari hii picha ya fulana nitaikata mwenyewe. Akaniuliza kama moyo utafika Pasaka. Nimemjibu kwamba hilo amuulize daktari, mimi ni mwanahistoria.