Peremende Nyekundu za Linnea

Jumatatu, 3 Machi
...na ndiyo maana sikulala vizuri, ingawa nililala kando ya malaika. Linnea wangu! Ndoa bado mbichi. Nikimwona tu anapiga mswaki, moyo unanidunda.

Tatizo ni kazi yake. Siielewi. Ana shahada ya udaktari, ya saikolojia. Mlangoni pameandikwa Daktari. Lakini hatoi dawa, hachomi sindano, na bado yuko mafunzoni! Mama kapiga simu tena kuuliza: huyo mkeo kahitimu au hajahitimu? Nikamjibu kahitimu, ila anaendelea kuhitimu. Mama akasema basi mimi mwanawe, niliyeishia sekondari nikauza mazulia, ndimi mwenye akili.

Nilichoelewa: anawasaidia watoto waliolazwa wasiogope sindano, mirija na vidonge. Mafunzo yanaisha kiangazi. Nafasi ya kudumu ni moja tu, na wanaoitaka ni wawili: Linnea na Prescott. Bosi wao, Dkt. Achterberg, ataamua Ijumaa. Linnea akiikosa, tunahama hapa Milwaukee. Tunaacha kiota chetu chenye dirisha linaloona ziwa (ukipanda juu ya kiti).

Prescott! Anavaa tai zenye picha za twiga. Watoto wanampenda. Lazima nifanye kitu.

Jumanne, 4 Machi
Nimefanya kitu. Nimempelekea Dkt. Achterberg mfuko wa jibini mbichi, ile inayolia kwenye meno ukiitafuna. Akasema kwa upole kwamba hawaruhusiwi kupokea zawadi. Nikauacha mezani kwa bahati mbaya. Prescott akala yote! Akanipiga begani: "Lowell, kaka yangu, wewe ni mtu wa watu."

Jioni Linnea kaniomba nisikanyage tena wodini bila kuitwa. Kisha akanibusu. Sasa kakasirika au hakukasirika? Busu lilikuwa refu.

Jumatano, 5 Machi
Kesho ndiyo siku kubwa. Dkt. Achterberg atamtazama Linnea akifanya kazi na Thea, binti mdogo aliyewekewa figo mpya. Dawa ya maji haimtoshi tena. Lazima ajifunze kumeza vidonge, na kila akijaribu, koo linajifunga. Linnea alinieleza wakati wa kula jinsi atakavyomfundisha. Kitu fulani cha hatua kwa hatua. Nilikuwa nazitazama nyusi zake. Nyusi zile!

Alipoingia bafuni nikaona kikopo chake cha peremende kwenye mkoba. Kina vyumba vyumba. Nikafungua. Aibu gani hii! Chumba cha kwanza kina zile chembe za rangi za kupambia keki, hata sisimizi angelalamika. Cha pili vitu vidogo vidogo. Cha mwisho tu ndicho chenye peremende za saizi ya heshima. Mke wangu aonekane mchoyo mbele ya bosi, na Prescott yupo hapo na twiga wake?

Nimemwaga takataka zote. Nimejaza kila chumba peremende nyekundu za mdalasini, zile kali kutoka kituo cha mafuta, ambazo zikikaa mdomoni unaona nyota. Zote kubwa. Zote sawa. Sijamwambia. Mapenzi ni kushtukiza!

Alhamisi, 6 Machi
Linnea kaingia, kakaa sakafuni bila kuvua koti. Akauliza kama niligusa kikopo. Nikasema nimekiboresha.

Kumbe zile chembe ndizo somo lenyewe! Mtoto anameza chembe kwanza, koo likizoea anapanda kwenye kubwa kidogo, hivyo hivyo hadi saizi ya kidonge. Mimi niliondoa ngazi nzima nikamwachia dari.

Leo wodini alifungua kikopo mbele ya Thea, mama yake Thea na bosi. Nyekundu tupu. Thea akaanza kulia. Prescott, mwema kama kawaida, akajitolea kuonyesha mfano. Akaweka moja juu ya ulimi, akaanza kusema kwa sauti ya utulivu kwamba tunavuta pumzi, hatuna haraka... Hakumaliza. Macho yakamtoka, akakamata kikombe cha maji na kugugumia kila kitu. Thea akacheka hadi akaishiwa pumzi.

Linnea akaiona nafasi. Akamwambia Thea kwamba hii peremende ni mkorofi, haitakiwi kukaa mdomoni hata kidogo, ipelekwe chini haraka. Sio lazima leo, akamwambia, ukitaka tu. Thea akaitazama, akasema, "Prescott mwoga." Akaiweka, akanywa maji. Ikashuka! Akataka nyingine. Baadaye akameza kidonge chake halisi, na mama yake akatoka nje kujifuta machozi.

Bosi akauliza wazo la mdalasini ni la nani. Linnea angeweza kusema ni lake! Akasema ukweli: mume wangu alichezea mkoba wangu, sikukagua kikopo, kosa ni langu.

Nikamuuliza kwa nini kasema hivyo. Akaniangalia muda mrefu. Sijaelewa mtazamo ule, ila macho ni mazuri mno.

Ijumaa, 7 Machi
Kapata! Kapata! Tunabaki! Amepiga simu nikiwa napima zulia la mteja, nikambusu mteja. Tumekwenda kula samaki wa kukaanga, desturi ya hapa kila Ijumaa, Prescott naye kaja kumpongeza, midomo yake bado imevimba.

Linnea anasema bosi alimchagua kwa sababu mpango ulipobomoka hakupoteza utulivu, na hakuficha kosa. Na kwamba kuanzia sasa mkoba unafungwa kwa kufuli. Mbona kufuli? Wezi wodini?

Jumapili, 9 Machi
Nimefikiri sana kanisani. Mambo yote nimeyaelewa sasa. Ni mdalasini! Linnea ni mpole, hawezi kumsifia mumewe, na bosi anaona haya kunishukuru. Kuna watoto wanaoogopa sindano pia. Kuna pilipili. Nimeagiza gunia. Linnea hajui, kipenzi changu, atafurahi kweli. Dkt. Achterberg, ningoje hapo hapo: kabla mwezi huu haujaisha, nitakuja wodini kukutembelea.