Doa Jekundu la Mbwemkuru

Jamani, leo nimejiaibisha mwenyewe, tena kwa projekta.

Mnaonijua mnajua kazi yangu: nafundisha chuoni takwimu za kukadiria kilichomo ardhini. Unachimba udongo sehemu chache, unapima, halafu hesabu inakuchorea ramani ya eneo zima. (Mama yangu hadi leo anasema mimi ni mpiga ramli mwenye digrii.)

Mwezi jana nilichukua sampuli Nachingwea, nikamalizia Ruangwa, kata ya Mbwemkuru. Majibu ya maabara yalipotoka, ramani ikanionyesha doa jekundu la kiwango cha juu, karibu nusu ya kijiji. Salfa! Nikaiona makala yangu. Nikauona na uprofesa wenyewe unakuja.

Leo asubuhi nikawa kwenye ofisi ya kijiji kutoa matokeo. Wakulima wamejaa, mtendaji amekaa mbele, na maofisa wawili wamekuja kutoka wilayani. Nikawasha projekta, nikakohoa kidogo.

"Hapa chini," nikasema, "huenda kuna mwamba wa salfa ambao hakuna aliyewahi kuugundua!"

Makofi! Ofisa mmoja akaanza kuandika. (Nikarudia polepole, asikose neno.)

Bibi mmoja, Bi Somoe, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hapo kwenye wekundu si ndiyo mikorosho yangu?"

"Ndiyo, bibi. Hongera sana!"

"Ulipochimba ni pale nyuma ya kibanda?"

"Hapo hapo."

"Mwanangu, kile kibanda naweka salfa ya kupulizia mikorosho. Msimu uliopita mfuko ulipasuka. Ukamwagika wote pale."

Watu wakaangua kicheko, na mtendaji naye akainamisha kichwa mezani, mabega yanatikisika.

Nikajitetea. Nikaeleza kwamba upande ule sampuli zilikuwa chache, ndiyo maana hiyo moja imepaka rangi eneo lote. Mtendaji akajifuta macho.

"Kwa hiyo, mwalimu, mwamba ni mfuko?"

"Ni mfuko," nikakiri.

Yule ofisa akafuta alichoandika. Nilimwona kwa macho yangu.

Wakati natoka, Bi Somoe akanishika mkono. "Siku ile ulipokuja kuchimba ulinipa shikamoo vizuri kabisa. Ungeuliza tu, ningekwambia."

Miaka yote hiyo ya shule, na swali lenyewe lilikuwa la dakika moja!

Naombeni msicheke. Hasa nyie wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu: mitihani yenu bado sijasahihisha.